Chupa ya Kuwapongeza Kuku

Jina la Bibi Pekua lilitoka kazini. Miaka thelathini alisimama kwenye geti la kiwanda cha nguo akipekua mikoba ya wafanyakazi wanaotoka, na mtu akishazoea kukuta vitambaa vimefichwa chini ya bakuli la chakula, hata akisalimiwa hujiuliza anatakiwa nini. Alipostaafu akafuga kuku tisa uani, akawapenda kuliko majirani.

Basi alasiri moja fundi seremala wa nyumba ya pili akapiga hodi, kashika chupa ya mvinyo wa bei poa, kibandiko cha bei bado kiko shingoni.

"Nimekuja kuwapongeza kuku wako, dada yangu."

Kuwapongeza kuku! Bibi akakagua kizibo, akakuta kizima, na hilo nalo likamzidishia wasiwasi. Siku hizi cha bure kiko wapi? Hata hivyo akamkaribisha uani, akamwita mke wa mwanawe alete bilauri, na akahakikisha seremala anaanza kunywa yeye.

Mkwe alimimina. Tangu mwana aende kufanya kazi mbali walibaki wao wawili, na bila binti huyu nyumba ingekuwa pango. Bibi alilijua hilo. Lakini mayai yalipoanza kupungua, aliyemshuku ni nani? Yeye huyo huyo. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema kwa sauti, makusudi asikike. Mwezi uliopita alimsimamisha mlangoni, akampekua mkoba mbele ya wapita njia. Hakukuta kitu, na radhi hakuomba. Asiyekamatwa, kwa hesabu zake, alikuwa mjanja tu.

"Maisha marefu kwa kuku!" Seremala aliinua bilauri. "Hasa yule kishingo, mwenye shingo isiyo na manyoya."

"Kishingo kafanya nini?" Bibi akamtolea macho.

"Si anaruka ukuta kila asubuhi? Anataga kwenye sanduku langu la maranda. Mwezi wa pili huu nakula mayai yako! Nilidhani unajua, unaninyamazia kwa ukarimu tu. Nikaona aibu kula kila siku bila hata asante."

Akacheka, na akacheka peke yake.

Bibi alihisi uso unawaka. Akaiweka bilauri chini. Akamgeukia mkwe, aliyekuwa anafuta matone mezani.

"Mwanangu, nilikukosea," alisema kwa sauti ndogo ambayo mwenyewe hakuijua. "Nilikudhalilisha bure. Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku nyingi, mama." Mkwe akaweka kitambaa chini. "Ila chumba nimeshapata. Jumamosi nahama."

Bibi Pekua akamkazia macho, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba mtu awe anamdanganya. Mkwe hakupepesa macho.