Mkata Manyoya na Maneno Niliyoongeza

Nilikuwa mkalimani wa kanisa letu pale Tulia kwa miaka kumi na kitu, na nilitolewa kwa sababu ya sinema. Sinema yenyewe ya kijinga, damu tupu. Watu wakiniuliza kwa nini sisimami tena pale mbele, nawaambia ni miguu. Miguu yangu haina shida yoyote.

Kazi ilikuwa hivi. Mhubiri mgeni anakuja, anahubiri kwa Kiswahili au Kiingereza, nami nasimama kando yake nageuza kwa Kikamba, sentensi kwa sentensi. Akipaza sauti napaza, akipiga meza napiga. Sikulipwa. Lakini mama alikaa benchi la pili, upande wa akina mama, na nikianza tu kuongea anaweka mkono shavuni ananiangalia mimi, si mhubiri. Kiswahili chake kilikuwa cha kununua chumvi. Neno la Mungu lilimfikia kwa mdomo wangu.

Baba alikuwa mtu wa kaluvu, ile pombe yetu ya asali, na kanisani aliingia mara mbili, mara ya pili akiwa ndani ya sanduku. Mhubiri aliyemzika alitoka mbali na hakutujua. Aliliangalia jeneza, akasema kwa Kiswahili, "Huyu alikuwa mlevi. Sasa anajua aliko." Akanyamaza kuningoja. Nilimwona mama amekunja leso mikononi. Nikasema kwa Kikamba, "Huyu alikuwa amechoka. Njia yake ilikuwa ndefu, alianguka mara nyingi, lakini Mungu alimwona akija kwa mbali, na sasa amefika nyumbani." Mhubiri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tangu siku hiyo mama aliishi na maneno hayo. Akichota maji, akipura mbaazi, ungemsikia peke yake, "Amefika nyumbani." Baba hakumwachia kitu kingine. Na hicho nacho nilikitengeneza mimi.

Sasa sinema. Nyuma ya kinu cha posho mfanyabiashara mmoja alifungua kibanda cha video: televisheni moja, deki moja, jenereta, na magunia madirishani ili jua la Jumamosi mchana lisiingie. Kaseti alizipata Malili kwa madereva wa malori. Nyingi zilikuwa za Kiingereza, na watu wa soko walitaka kujua kinachosemwa. Akanijia, "Bwana mkalimani, si ni kazi ile ile?" Nikakubali. Nilidhani kweli ni ile ile.

Kaseti iliyopendwa kuliko zote ilihusu mtu wa kukata manyoya ya kondoo, huko kwenye nchi za baridi. Vijana sita wanakuja kulala shambani kwake, naye anawaua mmoja mmoja kwa ile mikasi yake mikubwa. Picha haikuwa na rangi, damu yake ungedhani ni oili chafu ya gari. Anabaki msichana mmoja, anakimbia barabarani, taa za kwao zinaonekana mbele, na hapo picha inakatika. Deki ilikuwa imeitafuna kaseti. Mara ya kwanza watu walipiga kelele, mmoja akapiga ukuta teke, wengine wakataka hela zao. Na mimi, bila hata kufikiri, nikaendelea kuongea: msichana akaanguka, akainuka, mama yake akamsikia akija, akafungua mlango, akafika nyumbani. Kibanda kizima kikashusha pumzi. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyelalamika tena juu ya ile kaseti. Kwa miaka minne au mitano walikuwa wanakuja kungoja picha ikatike.

Halafu Wazungu wakaitengeneza upya. Mwenye kibanda alirudi kutoka Malili anatembea kama diwani aliyeshinda. Ilikuwa ya rangi, nzima kabisa, na damu mara kumi. Jumamosi hiyo kibanda kilijaa hadi wengine wakakaa nje kusikiliza sauti yangu tu.

Aka! Damu ile sijawahi kuona. Mikasi inaingia hapa inatokea pale, matumbo yako nje, mtu anajishika shingo na shingo haipo. Mama mmoja muuza nyanya alijifunika leso usoni na akakaa hivyo. Mimi nilichoka mapema sana. Ungetafsiri nini? Mtu akilia kwa Kiingereza ni kilio kile kile. Ikafika ile barabara, zile taa, yule msichana. Safari hii alifika mpaka mlangoni, akabisha, mlango ukafunguliwa. Aliyeufungua alikuwa mkata manyoya. Nilisimama pale mdomo wazi, sikupata neno hata moja.

Nje wakaanza kugombana. Mwenye bucha alisema hii sasa ndiyo sinema, yeye damu anaijua, na damu ya leo ni damu, ile ya zamani ilikuwa ya kudanganya watoto. Muuza nyanya akamwambia hana haya, mtu mzima kufurahia matumbo. Yeye ile ya zamani ilikuwa inamtoa pale roho ikiwa imetulia, hii imemharibia wiki. Vijana wakamcheka. Mzee mmoja alikasirika kabisa. "Wameibadilisha! Wamemuua mtu aliyekuwa ameshafika!"

Palikuwa na mwalimu wa kike aliyeletwa shule yetu kutoka Makueni. Hakuwa na ubaya wowote, nataka lieleweke hilo. Alisema tu alichokijua. "Lakini hawajabadilisha kitu. Hata ile ya zamani anakufa, hivyo hivyo mlangoni. Niliiona nzima nikiwa chuoni."

Wote wakanigeukia. Muuza nyanya akanishika mkono. "Mwambie si kweli."

"Kaseti ilikuwa imekatika," nikasema.

Akauachilia mkono wangu polepole.

Jumapili iliyofuata ibada ilipoisha, mzee wa kanisa aliomba watu wasitoke. Nilidhani wataniuliza kwa nini naingia video. Wala. Alikuwa mtu mpole, na aliuliza kwa upole, hilo ndilo lililoniumiza. "Kule uliongeza. Sisi wengi hapa hatujui lugha za wageni, tunasikia kwako. Hapa kanisani umewahi kuongeza?"

Mama alikuwa benchi la pili, mkono shavuni.

Nilijua taratibu zetu vizuri. Nikikiri, wangeniombea, wangeniweka chini, nisihudumu, miezi mitatu, kisha ningerudi mbele. Watu wameungama makubwa kuliko hayo. Lakini ningeambiwa nitaje niliongeza nini, na siku gani. Na kweli niliongeza mara nyingi. Mhubiri akiwafokea watu wenye njaa kwamba ukame ni dhambi zao, ungetaka niwaambie hivyo hivyo?

"Sijawahi," nikasema.

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Alinitazama sana. Hakuniamini, na hakuna mwingine mle ndani aliyeniamini. "Basi pumzika kwanza," akasema. Nimepumzika mpaka leo.

Tulirudi nyumbani na mama, yeye mbele mimi nyuma. Tulipofika pale mtoni, mchanga ukiwa mkavu, akasimama kutoa kokoto kwenye kiatu.

"Siku ya baba yako," akasema bila kuniangalia, "yule mhubiri aliongea kidogo sana. Wewe uliongea sana."

Nikamwita kama tunavyowaita mama zetu: "Mwaitu—"

"Nyamaza. Mimi Kiswahili sijui, lakini kidogo na kingi navijua." Akavaa kiatu, akakikanyaga chini mara mbili. "Usije ukaniambia alisema nini. Hata nikiwa nakufa nikikuuliza, usiniambie."

Hakuuliza kamwe. Aliendelea kusema amefika nyumbani, akichota maji, akipura mbaazi, na mimi nikiwa karibu alilisema kwa sauti zaidi.

Tulipomzika mama tuliletewa mhubiri kutoka Kitui, na mkalimani mpya, kijana safi, aliyesoma. Nilikaa benchi la pili. Mhubiri alisema marehemu alikuwa mama mwaminifu, alilea watoto, na sasa tunamwachia Mungu. Basi. Kijana akageuza neno kwa neno, sawasawa kabisa, hakuacha wala kuzidisha. Akafunga mdomo.

Nilimwangalia yule kijana. Ongeza, nikamwambia moyoni, haki ya Mungu, ongeza kidogo tu, sema amefika. Mhubiri akafungua kitabu cha nyimbo, na kijana naye akafungua chake.