Nyasi Zilizobaki Isinya

Juzi nilikuwa nangoja basi kando ya barabara ya Namanga, pale Isinya, nikawatazama vijana wa kontrakta wakifyeka nyasi kwa slasha. Kundi moja lilianzia juu, lingine chini, wakishindana kukutana katikati. Kwa ukame huu, na ploti zote zimezungushiwa waya, nyasi zimebaki barabarani tu.

Mama mmoja Mmasai akaja na ndama wake, mbavu nje.

"Niachieni hizi, wanangu. Ndama watakufa."

"Yeyo, mama yangu, hapa ni kwa serikali," msimamizi akamjibu. "Nyasi ndefu inaficha nyoka na wezi. Ama ndama wako ndio polisi?"

Vijana wakacheka.

Kilipobaki kipande cha upana wa chumba kimoja, kicheko kiliisha. Upepo haukuwepo, lakini nyasi zilitikisika. Kila kiumbe kilichokimbia slasha za juu na za chini kilikuwa kimejazana mle ndani. Tulivisikia vikikwaruzana. Halafu vikanyamaza, vyote pamoja.

"Maliza hapo," msimamizi akamwambia kijana mmoja.

"Tangulia wewe, mkubwa. Wewe uko na buti."

Wakapanda pikapu yao, wakaenda.

Mama akawasukuma ndama kwa fimbo. Walifika ukingoni, wakanusa, wakarudi nyuma na njaa yao.

Mimi nikifagia nyumba, nafagia kuelekea mlangoni. Hawa walifagia kutoka pande zote mbili, bila kuacha mlango. Basi lilipokuja, mama alikuwa bado amesimama pale, amepewa nyasi zote alizoomba.