Mwanahistoria wa Siku ya Pili

Kanisani kwetu, huku Manga, nikitambulishwa kwa wageni husemwa hivi: "Ndugu yetu huyu ni mwanahistoria wa kriketi, na pia anaandika riwaya." Wageni hutikisa vichwa kwa heshima, kisha mmoja huuliza pembeni kama kriketi ni ugonjwa wa ndizi. Simlaumu. Historia yenyewe haijachapishwa, riwaya ni moja na ni nyembamba, na mimi mwenyewe sijawahi kulala mbali kuliko Kisumu. Hata huko nililala usiku mmoja tu, nikakumbuka kitanda changu.

Kazi hii niliipata bila kuitafuta. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, nilipomaliza kidato cha nne, niliajiriwa mjini Kisii katika duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi. Mzee alizaliwa Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimenyooka kuliko hiki changu cha darasani, na hakuchoka kunikumbusha. Nikikosea ngeli, mkasi wake ulisimama hewani.

"Karani! 'Kitambaa hii'? Umesomea wapi wewe, zizini?"

Alikuwa pia katibu wa klabu yao ya kriketi. Siku moja alitazama karatasi nilizobandika kwenye majora, akasema mwandiko kama huo ni dhambi kuuacha dukani, akanipeleka uwanjani kuandika daftari la mchezo.

Nitaeleza kriketi kwa ufupi, maana mke wangu husema nikianza, chai hupoa na wageni huzeeka. Mmoja hutupa mpira, mwenzake huupiga kwa gongo pana, kisha hukimbia huku na huko kati ya vijiti. Kila mkimbio huandikwa. Mtu akifikisha mikimbio mia peke yake, watu hupiga makofi naye huinua gongo juu. Ni hayo tu. Mechi zao zilichukua siku mbili: Jumamosi alasiri, maduka yakishafungwa, na Jumapili kutwa.

Hapo kwenye Jumamosi ndipo palipokuwa na neno, kwa sababu sisi ni Wasabato. Nilimwambia mzee wazi kwamba baba hataki nifanye kazi Sabato. Akakubali, akaniuliza baba ni mtu wa namna gani. Mkali, nikasema. Wiki iliyofuata mama alikuja dukani kutafuta kitambaa cha kanisa, nami nikamnong'oneza mzee, "Baba ndiye huyo." Mzee alimtazama mama, akanitazama mimi, akavua miwani. Ikabidi nimweleze kwamba kwa Kikisii mama ndiye baba, na baba ndiye tata. Alicheka siku nzima.

Lakini Sabato yenyewe hakuiachia hivi hivi.

"Mnasema ni siku ya saba?"

"Ndiyo, mzee."

"Kiswahili chasema Jumamosi. Mosi, karani. Mosi ni moja! Jumapili ndiyo ya pili. Sasa nani mwongo, kanisa lako au lugha yangu?"

Nikamjibu kwamba Mungu hakuumba dunia kwa Kiswahili. Jibu lile alilipenda, na tangu siku hiyo, kila Ijumaa jioni tukifunga duka, aliniaga kwa maneno yale yale: "Haya, siku ya mosi nenda kwa Mungu wako. Siku ya pili njoo kwetu."

Basi tukagawana. Jumamosi aliandika yeye, katika daftari lake jekundu, na Jumapili niliandika mimi katika langu la buluu. Ndiyo maana katika historia yangu kila mechi inaanzia katikati, kama hadithi ya mtu aliyechelewa kuingia kanisani.

Katikati ya miaka ile ilikuja timu kutoka Kisumu. Jumamosi hiyo, mimi nikiwa nimeketi kwenye benchi Manga nikisikiliza hubiri la pili, mpwa wa mzee alipiga mia. Mia ya pekee katika kiwanja kile; hapakuwa na nyingine kabla wala baadaye. Jumapili nilikuta mji mzima unaizungumzia, hata watu wa Mosocho waliokuja kuuza mboga tu. Nikamwomba mzee daftari jekundu ninakili.

"Utapata," akasema. "Haraka ya nini?"

Niliomba tena baada ya mwezi. Utapata. Niliomba tena baada ya mwaka. Utapata, karani, utapata. Nikaanza kuamini kwamba mzee ni mchoyo.

Nikaoa. Mke wangu ana tabia ya kusoma kila karatasi iliyomo nyumbani, na siku moja alinifuata shambani na daftari la buluu mkononi.

"Baba watoto. Huyu mwanamume Jumapili moja amemaliza mabikira sita, na wewe umekaa hapo unaandika tu?"

Nikamweleza kwamba mtupaji akitupa mipira yake sita bila mpinzani kupata hata mkimbio mmoja, Waingereza huita zamu hiyo bikira, nami nimetafsiri kama nilivyofundishwa.

"Na mama umemweleza?"

"Bado."

"Usijali. Nitamweleza mimi."

Mama aliniombea kwa wiki mbili, kwa sauti, akitaja na hesabu.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini familia za Kihindi zilianza kuondoka mjini, duka baada ya duka. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani kwa majani chai yangu na migomba, nikiandika historia kila palipo na nafasi. Mambo yote niliyajua isipokuwa lile moja watu walilolikumbuka: Jumamosi ile. Bila daftari jekundu nilikuwa na masimulizi ya Jumapili tu.

Alhamisi moja mwalimu mmoja wa jirani akaniletea barua kutoka mjini. Ilikuwa fupi. "Karani, tunahama. Njoo siku ya mosi asubuhi. Daftari jekundu litakuwa mikononi mwangu. Usikose."

Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Mke wangu akauliza siku ya mosi ni lini.

"Siku ya kwanza ya juma," nikasema. "Jumapili."

"Una hakika?"

"Biblia ndivyo inavyosema."

"Na mzee wako ameanza kusoma Biblia lini?"

Nikamwambia maziwa yanafurika. Maziwa hayakuwa hata mekoni.

Jumamosi nikaenda kanisani. Jumapili nikavaa viatu, nikateremka mjini mapema sana, kwa bidii ya mtu ambaye hajakosea chochote. Duka lilikuwa limepigiliwa mbao. Mlinzi wa duka la pili akaniambia waliondoka jana saa sita. "Mzee alikaa hapo barazani tangu asubuhi na kitu amekifunga kwa kitambaa," akasema. "Gari linapiga honi, yeye hataki kuingia. Alikuwa anamngoja nani?"

Nikasema sijui. Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Sasa, mwanahistoria haruhusiwi kutunga, hilo nalijua. Lakini ile Jumamosi ilinikalia kooni, na mtu wa nyumbani kama mimi hana pa kwenda kuitafuta. Nikaitunga. Nikaandika mawingu yakija kutoka upande wa ziwa, mpwa akipiga mpira mmoja mmoja hadi mia, na mzee akifuta machozi juu ya daftari jekundu. Ilinichukua miaka mitatu kuandika alasiri moja. Wachapishaji wa Nairobi waliikubali kama riwaya. Katika barua yao walisifu kila kitu isipokuwa mzee wa duka. Walisema mtu wa namna hiyo hayupo.

Nakala moja niliituma Uingereza, walikohamia, kupitia jamaa yao aliyebaki Kisumu. Mwaka mzima ukapita. Kisha likaja jibu, kwa mwandiko ule ule, ila umeanza kutetemeka.

"Karani, nimesoma mara mbili. Ngeli zimekaa vizuri, nashangaa. Ila ile mia haikuwa mia. Aliyekuwa akibandika namba ubaoni alizidisha tatu. Watu wakapiga makofi, mpwa wangu akainua gongo juu, na mimi nikatazama daftari nikaona tisini na saba. Nikanyamaza. Mpira uliofuata akatolewa mchezoni. Ningemwambia vipi? Yeye mpaka leo anajua ni mia, na watoto wake wanajua ni mia. Daftari sikukupa kwa sababu hiyo. Lakini kabla ya kuondoka nilitaka mtu mmoja ajue, na wewe ndiye mwenye historia. Nilikungoja mpaka saa sita. Sasa niambie kweli: ulikosea siku, au ulinikimbia?"

Mke wangu aliisoma baada yangu, akaikunja, akairudisha mezani.

"Kwenye historia utaandika ngapi?"

"Tisini na saba."

"Na kwenye riwaya?"

"Imeshachapishwa. Ni mia."

"Na zile tatu umezipata wapi?"

"Nimetunga."

"Mungu atusaidie," akasema. "Na yeye utamjibu nini?"

Hilo ndilo lililonichukua wiki nzima. Namba niliibadilisha siku ile ile, mstari mmoja tu, na kwa kuwa historia haina msomaji bado, siri ya mpwa iko salama kabisa kwangu. Lakini swali la mzee halikuwa la namba. Nilianza barua mara nne. Ya kwanza ilisema Biblia, ya pili ilimtaja mama, ya tatu mvua. Ya nne ilikuwa na mistari miwili:

"Shikamoo mzee. Mosi nilijua ni ipi, tangu mlangoni. Nilimwogopa mama, niliogopa kanisa, nikajificha nyuma ya neno lako. Nisamehe."

Juu yake niliandika tarehe, na pembeni nikaandika siku: Jumamosi.

Mke wangu alichungulia kutoka begani kwangu. "Unaandika barua Sabato?"

"Jua limeshatua. Tazama nje."

Akaenda mlangoni kweli, akatazama mlima, akarudi. "Limetua," akasema. "Basi kwa kanisa ni siku ya kwanza, na kwa mzee wako bado ni mosi. Funga bahasha haraka, kabla hamjaanza kugombana tena."