Simiti Hupanda Kutoka Chini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kikosi cha visima vya maji pale Nyeri, sikuogopa kitu. Tulichimba upande wa Wamagana, maji yakatoka baridi mpaka meno yakauma. Bomba likishashuka, tulimimina simiti kandokando yake kutoka juu, tukalainisha kwa mwiko, tukaenda kunywa chai.

Woga nilifundishwa Bonde la Ufa, nilipohamishiwa visima vya mvuke wa kuzalisha umeme miaka kadhaa baada ya uhuru. Nilikuwa nimekuwa mnyapara wa simiti, na kwa ujeuri wangu nikamwombea kazi Gathogo wa Kangari, mume wa dada yangu, ambaye tulichimba naye maji. Mhandisi wa Visima, mtu mpole asiyependa kurudia neno, alitukalisha chini.

“Bomba ikipata moto inarefuka,” alisema. “Simiti ndiyo inaishika. Lakini mkiacha maji kati ya bomba ya nje na ya ndani, yatachemka yakose pa kwenda. Yatakunja ile ya ndani kama mkebe. Halafu mvuke itatafuta njia yake, hapo tu penye mmesimama.”

Kwa hiyo simiti tuliisukuma kwa pampu kupitia ndani ya bomba mpaka chini kabisa, ikageuka na kupanda kwa nje, ikiyasukuma maji mbele yake. Ikichungulia juu, tulishukuru Mungu.

Siku moja ilichungulia, kisha ikazama. Mwamba wenye nyufa ulikuwa umeinywa. Nilikwenda kumwita Mhandisi, na tuliporudi tulimkuta Gathogo ameshamimina ndoo kadhaa kutoka juu, jasho likimtoka kwa bidii.

“Shemeji, si tunajaza tu vile tulikuwa tunafanya Wamagana?”

Simiti ile ya juu ilikuwa inayafungia maji chini yake. Niliagiza mpira wa maji tuioshe kabla haijashika. Msimamizi wa Rigi, ambaye kwake kila saa ambayo mtambo wa kuchimba ulisimama ilikuwa msiba, alikuja akifoka.

“Ati unaosha simiti ya serikali? Nitakurudisha Nyeri ukachimbie watu choo!”

“Nirudishe, mzee. Lakini hii tutaosha.”

Mhandisi alisema tu, “Mwache aoshe.”

Tukaiosha, kisha tukateremsha bomba jembamba pembeni hadi pale simiti ilipozamia, tukajaza kuanzia hapo kuja juu. Ilijaa. Lakini kama maji kidogo yalibaki yamefungiwa, nani angeyaona? Nilimuuliza Mhandisi. Alifuta miwani yake, akasema, “Tutajua ikipata moto.”

Kisima cha moto hakiamshwi kwa haraka. Tulikiachia pumzi kidogo kidogo kupitia koki ndogo ili chuma kizoee joto, na kichwa cha kisima kikawa kinainuka taratibu kadiri bomba lilivyorefuka. Nilikuwa nakipima kwa vidole asubuhi na jioni. Nikifumba macho nilimwona dada yangu amevaa nguo nyeusi za matanga, na mimi ndiye niliyemvisha.

Siku ya kufungua koki kuu, Gathogo alishika gurudumu la koki kabla sijamzuia.

“Toka hapo. Wewe uko na watoto.”

“Hata wewe uko nao, shemeji. Kama niliharibu, wacha inianze mimi.”

Akazungusha. Mvuke ulinguruma mpaka kifua kikatetemeka, na wenzetu wakatupa kofia juu. Mimi sikuutazama. Nilitazama ardhi chini ya viatu vyake, nikingoja itoe mvuke. Ilibaki kavu, nami nikalia waziwazi mbele ya wakubwa wangu.

Sasa nimestaafu Wamagana, na naambiwa kisima kile bado kinatoa mvuke. Vijana wakiniuliza kisima hudumu kwa nini, nawaambia ni simiti, subira, na mkubwa anayekubali kusikiliza. Haraka haraka haina baraka, hasa penye moto.

Dada yangu hatujamwambia habari hii. Kila Krismasi husimama mezani mbele ya jamaa wote, na kumshukuru Mungu kwa kaka aliyempatia mumewe kazi nzuri. Gathogo huinamisha kichwa. Mimi husema amina kabla hajamaliza.