Mama Yangu Kwenye Skrini ya Maktaba

Marehemu mama yangu aliniulizia nikiwa kazini.

Sikuwa nimesinzia. Sikuwa nimekunywa kitu. Ilikuwa asubuhi kweupe, kiyoyozi kinanguruma, nimevaa spika za masikioni, na sauti ya mwanamke niliyemzika miaka sita nyuma ikaniingia ikiuliza kama nimefika.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana hii ishu hata mimi bado hainikai kichwani.

Mimi ni mkutubi wa chuo kikuu. Usinifikirie yule wa kupanga vitabu na kunyamazisha watu. Mimi ni wa video. Mhadhiri akitaka filamu ya kufundishia anakuja kwangu. Natafuta kampuni inayoimiliki, tunavutana kuhusu masharti, tukielewana filamu inaingia kwenye mfumo wa maktaba.

Wengi hawajui kwamba kitabu, chuo kikishakinunua, ni chake mpaka kiliwe na mchwa. Video hatununui. Tunanunua ruhusa ya kuitazama.

Leseni.

Ina mwanzo na mwisho. Ina wanaoruhusiwa kutazama na wasioruhusiwa. Mwenye mali akisema toeni, unatoa, huna ubishi.

Basi mhadhiri wa uuguzi akaja na ombi. Alitaka filamu ya kuwafundisha wanafunzi wake jinsi ya kuongea na mgonjwa ambaye hataamka tena kitandani. Kampuni ikanitumia linki ya kujaribu. Kazi yangu ni kukagua tu: picha inaonekana, sauti inasikika, basi.

Nikabonyeza.

Wodi. Mapazia ya kijani. Kitandani mwanamke amekonda, kitambaa kimemlegea kichwani, anahangaika kukirudisha kwa mkono mmoja.

Ule mkono niliujua kabla ya uso.

Nikasimamisha video. Nikaenda kunawa. Nikarudi.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Mama alipozidiwa, mimi nilikuwa mji mwingine nafanya mitihani ya mwisho. Dada yangu mkubwa ni nesi, na mama alilazwa wodi ileile anayofanya kazi dada. Tuliona ni bahati.

Nikimpigia, dada ananiambia mama haongei tena. Hamtambui mtu. Nimalize mitihani kwanza, kwa sababu nikija sasa nitaumia bure.

Nikamwamini. Dada yako, tena nesi, utaacha kumwamini?

Nilifika siku ya kuzika.

Sasa kwenye skrini mama alikuwa anaongea. Kwa shida, lakini anaongea, tena anatania kwamba uji wa wodini umepikwa na mtu mwenye kisasi. Kisha akageuza macho pembeni ya kamera.

"Kitinda mimba wangu amefika?"

Sauti ya mwanamke asiyeonekana ikajibu, "Yuko njiani, mama."

"Mwambieni asikimbie. Nitamsubiri."

Mkono wenye sare ya nesi ukaingia kwenye picha, ukamwekea mto vizuri. Uso haukuonekana popote. Haikuwa na haja. Ile sauti ndiyo iliyoniimbia nikiwa mchanga.

Dada alikuwa amemwambia mama kwamba niko njiani. Mimi sikuwa nimeitwa.

Nikapiga simu kwenye kampuni. Mzee mmoja mpole wa idara ya mauzo akapokea. Nikamwambia ukweli, huyo mgonjwa ni mama yangu, naomba nakala kwa ajili ya familia. Akanipa pole, kisha akanieleza kwamba wao huuzia vyuo na hospitali tu, na mtu binafsi hapewi nakala hata awe nani. Ruhusa ya kumrekodi mgonjwa ilitolewa na ndugu wa karibu, kwa hiyo kila kitu kiko sawa.

Maneno hayohayo huwa ninawaambia wanafunzi kila siku. Siku hiyo yalinigeukia.

Nikapitisha leseni ya miaka mitatu. Mhadhiri alinishukuru kwamba nimeshughulikia chapchap. Sikumwambia kitu.

Najua utauliza kwa nini sikuirekodi kwa simu. Nimewahi kumfungia mwanafunzi akaunti kwa kosa hilohilo. Halafu, haraka ya nini? Miaka mitatu ilikuwa mbele yangu. Kila mchana wenzangu wakienda kula, mimi nafunga mlango namsikiliza mama akisema atanisubiri.

Kila nikisikiliza, hasira inapanda.

Mwisho nikaenda kwa dada. Nilimkuta anapiga pasi sare zake. Shemeji aliponiona uso tu, akachukua watoto akatoka nao.

Sikumsalimia. Nilimrudishia maneno yake mwenyewe, "Yuko njiani, mama."

Akaacha pasi juu ya kitambaa. Mimi ndiye niliyeiinua.

Aliketi. Hakukana. Akaiweka sare moja mapajani, akawa anafunga na kufungua kifungo chake, kisha akaanza kuongea bila kuniangalia.

"Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza. Mimi ndiye niliyekuwa namsafisha. Na kila akifumbua macho anakuulizia wewe. Nilijua ukiingia pale mlangoni, mimi nitarudi kuwa nesi tu. Nilitaka siku chache niwe mtoto wake. Nilidhani muda bado upo, mdogo wangu."

Ningeweza kunyamaza pale. Ningeweza hata kulia naye, kwa sababu kuna kitu ndani yangu kilimwelewa.

Lakini nilikuwa nimekuja kukata.

Nikamwambia darasa zima la manesi linamsikia akimdanganya mama yake anayekufa. Na mwaka ujao litaingia darasa lingine limsikilize. Nikamwambia yeye ndiye aliyetoa ruhusa, na ni yeye peke yake anayeweza kuifuta, lakini hana huo uso wa kwenda kueleza kwa nini.

Nikaondoka nikijiona mshindi.

Haukupita muda, nikafungua kompyuta mchana kama kawaida. Mahali pa filamu palikuwa na sentensi moja: maudhui haya hayapatikani.

Nikapiga simu kwenye kampuni. Yule mzee akaniambia ndugu aliyetoa ruhusa ameiondoa, na filamu imefutwa kwenye maktaba zote. Kifungu hicho kimo kwenye kila mkataba niliowahi kuupitisha. Nakijua kwa moyo.

Mhadhiri alikuja juu. Nikamwandikia barua ya kumwomba radhi, kwa niaba ya maktaba.

Jioni nikampigia dada. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

"Umeifuta?"

"Si uliniambia naweza."

"Ulijua ndiyo sauti pekee iliyobaki?"

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Wewe uliisikiliza mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu michana yote ile, nikaacha.

"Mimi sijawahi kuiona. Niliomba nakala baada ya mazishi, wakanikatalia. Ulipokuja na hasira zako nikadhani utamaliza, kisha utanichukua twende tukamsikilize wote. Nilikusubiri uniambie."

Akakata simu.

Tunasalimiana siku hizi. Kwenye misiba na harusi tunakaa meza moja, watoto wake wananiita mjomba. Mama hatumtaji.

Wewe unayesoma hapa, labda kuna ndugu unayemdai maelezo. Nenda ukayadai, ni haki yako. Ila ukiona ameanza kusema ukweli, usimwongezee kisu. Mimi nilitaka dada aone aibu, na aliiona. Akafanya anachofanya mtu mwenye aibu, akafunga mlango, na mama yetu akabaki ndani.