Shikamoo ya Chumba Namba Sita

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, mama yangu alikuwa na desturi ya kukiamkia chumba kitupu. Naliweka hilo mwanzoni kabisa ili anayetaka kucheka acheke mapema, tuendelee. Wenzangu wa ofisini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, watu wenye shahada mbili mbili, walicheka nilipowasimulia, na mmoja akaniuliza kama mama alikuwa mzima. Alikuwa mzima kuliko sisi sote.

Mama alikuwa mtandika vitanda katika hoteli ya zamani karibu na stesheni ya Dodoma, iliyojengwa enzi za wakoloni kwa ajili ya abiria wa treni. Chumba namba sita kilikuwa na mwenyewe. Ilisemekana kwamba mama mmoja wa Kizungu alifikia humo kumsubiri mumewe aliyekuwa anakuja kwa treni kutoka Tabora, homa ikamkamata, akafa kabla treni haijafika. Tangu hapo, saa nane mchana, jua likiwa kali na hoteli nzima imenyamaza, husogeza pazia achungulie stesheni. Wahudumu hawakumkimbia wala hawakumwitia mganga. Walimpa heshima yake tu. Kila aliyekwenda kutandika alibisha hodi, akasema, "Shikamoo, mama," akasubiri kidogo, ndipo akafungua. Nilimuuliza mama mbona hamwamkii kwa Kigogo, lugha yetu ya nyumbani. Akasema Mzungu wa watu atakielewa wapi.

Mimi nilikuwa mbishi. Mwalimu wetu wa sayansi alishatuambia kwamba mizimu haipo, nami nilimwamini kwa sababu alivaa saa ya mkononi. Nilimwonea mama aibu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba imejaa sokoni na mali za umma zinauzwa. Hoteli nayo ikapata mwenyewe mpya, naye akaleta meneja kutoka Dar es Salaam, kijana wa tai aliyeweza kupita korido nzima asisalimie mtu. Wahudumu wa umri wa mama yake ndio waliotangulia kumsalimia, naye akaitikia kwa kichwa. Wiki ya pili alitangaza kwamba watu watapunguzwa kazi, na atakayesikika akiongea na mlango wa namba sita atakuwa wa kwanza. Hakutaka ushirikina mbele ya wageni. Baba alikwishafariki, na kazi ile ya mama ndiyo iliyotulisha mimi na wadogo zangu wawili. Mama alirudi na habari hiyo, akapika ugali, akatupakulia, yeye hakula.

Nikaona dawa ni moja. Nimthibitishie mama kwamba chumbani hamna mtu, aache kuamkia, abaki na kazi yake. Ilikuwa likizo, na alikuwa akinichukua nimsaidie kukunja foronya. Siku iliyofuata, ilipokaribia saa nane, nikachukua ufunguo wa akiba pale mapokezi, nikaingia namba sita, nikajifungia. Nilikaa kitandani nikilikodolea macho pazia. Halikutikisika hata kidogo. Nilikuwa nimeanza kujipongeza niliposikia viatu vya meneja koridoni, na ndala za mama nyuma yake. Nikaruka ndani ya kabati la mninga, nikavuta mlango.

Meneja alimwambia mama afungue tu aingie, yeye yupo hapo anamwangalia. Nikasikia mama akigonga, taratibu, kama siku zote.

"Nimeshakuonya," meneja akasema.

"Nimekiamkia chumba hiki miaka kumi na miwili, mwanangu," mama alimjibu. "Siachi leo kwa sababu hoteli imeuzwa. Andika jina langu." Kisha akaugeukia mlango. "Shikamoo, mama."

Kijana yule akacheka. Nilikuwa nimekuja kuthibitisha kwamba hamna mtu, na kimya cha mle chumbani ndicho kilichokuwa ushahidi wangu. Lakini kicheko chake kiliniuma. Nikafungua mdomo gizani, katikati ya mablanketi yanayonuka dawa ya nondo, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, mwenyewe sikuitambua.

"Marahaba."

Kicheko kikakatika. Viatu vikaondoka, mwanzo taratibu, halafu haraka. Mama akafungua, akatandika kitanda chote, akalipiga shuka makofi yake mawili ya kulinyoosha, akatoka. Hakulisogelea kabati.

Waliopunguzwa walikuwa watatu, na mama hakuwamo. Meneja hakuonekana tena upande ule wa korido, na amri yake haikutajwa tena. Ningepaswa kufurahi, lakini nilikuwa mgonjwa kwa hofu. Mtoto gani anaitikia shikamoo ya mama yake mzazi? Kwa wiki nzima nilijitazama kwenye kioo nikisubiri mdomo upinde kwa laana. Mama hakusema neno, siku ile wala miaka yote iliyofuata, nami sikuthubutu kuuliza kama anajua.

Hivi karibuni, mama akiwa mstaafu anayetembelea fimbo, aliniomba nimpeleke akaione hoteli. Binti wa mapokezi akatuongoza. Tulipofika namba sita nilisogea pembeni nimpishe abishe hodi. Yeye akaninyooshea fimbo, nitangulie mimi. Nilikuwa na suti ya ofisini na kitambulisho cha kazi shingoni. Binti yule alikuwa ananitazama. Nikabisha hodi, nikasema, "Shikamoo, mama."

Nikasubiri kidogo, kama ilivyo desturi. Ndipo nyuma yangu, kwa sauti nzito ya kuigiza, ile ile ya kabatini, mama akaitikia, "Marahaba."

Nilicheka mpaka machozi, na machozi hayakuwa ya kucheka yote. Kumbe alijua tangu siku ile, na alitandika kitanda kile akijua nipo.

Mizimu siiamini mpaka leo. Lakini mama alisimama mbele ya mtu aliyeshika riziki yetu, akakataa kuiacha adabu yake, na shikamoo kama ile haikustahili kuachwa bila mwitikio. Wenzangu wa Mtumba waendelee kucheka. Ningekuwa kabatini leo, ningeitikia tena.