Bunduki Iliyotoka kwenye Grisi

Nyati walianza kushuka shambani kwetu mwaka aliofariki baba. Labda walikuwa wakija hata kabla, yeye akiwafukuza alfajiri bila kutuambia, sikuwahi kujua. Shamba letu lilikuwa juu ya kijiji cha Bahati, kipande kilichokatwa kutoka shamba kubwa la mzungu aliyerudi kwao, na mpaka wake wa juu ulikuwa msitu wenyewe. Kila asubuhi ukungu ulitoka msituni ukalala juu ya mahindi, na ndani ya ukungu huo ndimo walimokuja. Hatukuwaona. Tulisikia tu mabua yakivunjika, polepole, kama mtu anayetembea huku akiwaza mambo yake. Jua likichomoza tulikuta njia pana zimelazwa katikati ya shamba, na kinyesi bado kinafuka.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wa miaka ishirini na minne. Dada zangu wawili walikuwa wameolewa mbali, nikabaki na Mama. Tulipiga madebe, wakayazoea. Tuliwasha moto mpakani, ukungu ukauzima. Msimu wa pili nyati mmoja alimkanyaga jirani yetu akienda kuteka maji, akalazwa hospitalini miezi miwili. Chifu akaniambia, "Mwalimu, omba laisensi ya bunduki. Watu wa wanyama wako mbali, na hao nyati hawangoji barua."

Nilipomwambia Mama, alikuwa akipepeta maharagwe. Hakuinua macho.

"Bunduki haitaingia nyumbani kwangu," alisema.

Nilijua sababu, au nilidhani naijua. Wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni walipowasaka wapigania uhuru, tuliishi upande wa Njoro, katika kambi ya vibarua, na nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni kidogo na hakina mpangilio: buti, mbwa aliyekohoa badala ya kubweka, baba amepiga magoti kwenye nyasi zenye umande. Aliporudi baada ya siku nyingi hakuwa na meno ya mbele. Mama hakuwahi kuzungumzia miaka ile. Ilikuwa kama chumba kilichofungwa ndani ya nyumba yetu, nasi tumezoea kukipita.

Hata hivyo nilikwenda kituo cha polisi. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mafua.

"Mume wako yuko wapi?"

"Sina."

"Baba?"

"Amefariki."

"Kaka, je?"

"Tumezaliwa wasichana tu."

Akaweka kalamu mezani. "Sasa hii bunduki atapiga nani?"

"Mimi."

"Mwalimu, unajua bunduki inapiga teke?"

"Hata ng'ombe wangu anapiga teke, na namkamua."

Alitabasamu, akapenga makamasi, akaichukua tena kalamu. Ilipita miezi. Wakaja kuangalia sanduku la chuma nililolipigilia kwenye ukuta wa stoo ya viazi. Wakanipeleka nyuma ya kambi yao nipige risasi tano kwenye tuta la udongo lenye shabaha ya karatasi, na bega langu likawa na rangi ya zambarau kwa wiki nzima. Kisha siku moja karatasi ikatoka, na muhuri wake.

Duka lilikuwa Nakuru, katika mtaa wa nyuma, mbali kidogo na kelele za soko. Ilikuwa miezi ya kiangazi, wakati ule vumbi jeupe la ziwani lilipoingia mjini na kukaa juu ya kila kitu, hata juu ya kope za watu. Ndani kulikuwa na giza la ubaridi na harufu ya mafuta. Mwenye duka alikuwa fundi mzee, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha rangi ya anga, na dukani mwake kulikuwa na cherehani, pampu za maji, magongo ya hoki, na bunduki. Zile nzuri za wawindaji zilipangwa ukutani, mbao zake zinang'aa. Aliniona nikizitazama, akaniona pia nikiacha kuzitazama.

"Ngoja, mwalimu," alisema.

Akaingia nyuma, akarudi amebeba kitu kirefu kilichofungwa karatasi ya kahawia iliyolowa mafuta. Akakilaza juu ya meza na kuifunua karatasi taratibu. Ndani palikuwa na bunduki, lakini huwezi kusema ni bunduki. Ilikuwa imefunikwa kwa grisi nene ya rangi ya sukari guru, kila mahali, kama ndama aliyezaliwa sasa hivi na bado yumo ndani ya ngozi yake.

"Hii ya jeshi. Mark 4. Ilitengenezwa wakati wa vita ya pili, halafu wakaipaka grisi, ikalala. Tangu siku hiyo hakuna mtu ameigusa."

"Inafanya kazi?"

"Itafanya kazi hata mimi nikiwa nimekufa. Lakini grisi yote itoke kwanza. Ukiacha grisi ndani ya mtutu halafu upige, mtutu unaweza kupasuka. Niachie nikusafishie, urudi wiki ijayo."

Nikamwambia hapana, nitaisafisha mwenyewe. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nadhani niliona haya kukishika kitu nisichokijua. Mzee alifurahi. Akavuta kigoda, akaifungua mbele yangu kipande kwa kipande, akinitajia kila kimoja: kitako, mtutu, komeo, kisanduku cha risasi. Alipofika kwenye kichuma kimoja kidogo chenye mkunjo alijikuna ndevu.

"Hii sijui Kiswahili yake," alisema. "Wewe iite ulimi."

Mwanga uliingia kwa kigae kimoja cha kioo darini na kutua kwenye mikono yake, na saa zile, nikizikumbuka sasa, hazina mwisho. Mahali fulani garimoshi lilikuwa likipanga mabehewa. Alinifanya niiunganishe tena mara tatu. Nilipoondoka alinipa uzi mzito wenye kipande kidogo cha shaba mwishoni, wa kuvutia kitambaa ndani ya mtutu, na chupa ya mafuta.

"Hayo ya mbao," alisema. "Ndiyo hayo hayo wanangu wanapaka magongo ya hoki."

Nilirudi na lori la maziwa, bunduki imefungwa kwenye gunia miguuni mwangu. Mama alikuwa uani. Aliutazama ule urefu wa gunia, akainuka, akaingia ndani. Siku zilizofuata alinipa chakula na kunijibu nilipomuuliza kitu, lakini hakupita tena karibu na stoo. Akihitaji viazi, alinituma mimi.

Jumamosi nikatoa meza nje juani. Nilikuwa na karai la mafuta ya taa, shuka kuukuu niliyoichana vipande, na bunduki katika vipande vyake. Nilifuta asubuhi yote. Grisi haikutoka, ilihama tu. Ilihama kutoka kwenye chuma ikaja mikononi, kutoka mikononi ikaenda usoni, na mafuta ya taa yakanitiririka hadi viwikoni. Kitambaa kikakwama katikati ya mtutu, na uzi ukakataa kwenda mbele wala nyuma. Nilikaa pale nimeushika mtutu mapajani, nikitaka kulia.

"Unaisumbua," Mama alisema nyuma yangu.

Alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Sijui alikuwa hapo kwa muda gani. Akaja, akauchukua mtutu, akachungulia ndani, akaingiza ufito mwembamba wa waya na kukitoa kile kitambaa kama mtu anayetoa mwiba. Kisha akarudi jikoni. Nikasikia kuni zikivunjwa.

Alitoka na sufuria kubwa ya maji yanayotokota na faneli ya kujazia taa.

"Maji yawe yamechemka," alisema. "Si ya moto tu. Yachemke."

Akaushika mtutu kwa kitambaa, mdomo wake chini kwenye nyasi, akamimina. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kahawia, mazito. Akamimina tena, yakatoka ya kijivu. Sufuria ya tatu yalitoka meupe, na mvuke ukapanda ukamzunguka uso, naye hakuukwepa.

"Yakichemka, chuma kinajikausha chenyewe," alisema. "Sasa pitisha kitambaa kikavu. Halafu chenye mafuta kidogo. Kidogo."

"Mama, ulijifunza wapi?"

Alilichukua komeo akaanza kulisafisha kwa ncha ya kijiti, akifuata kila kona. Alijibu akiitazama kazi yake.

"Kambini kulikuwa na askari saba. Kila Jumamosi walitoa bunduki zao nje, na mimi na mwenzangu mmoja tuliambiwa tuchemshe maji. Miaka miwili na nusu. Mwishoni walikuwa wanaacha bunduki kwenye benchi wanacheza karata, sisi tunamimina."

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesema nini? Nilichemsha maji."

Kuku walikuwa wakitimua vumbi chini ya meza. Nilimwona Mama kama alivyokuwa pengine wakati ule, msichana mwenye umri wangu, sufuria mikononi, na bunduki saba zimepangwa juani mbele yake. Nilikuwepo. Nilikuwa nikicheza mahali fulani karibu, na sikuona.

"Yule aliyempiga baba yako alikuwa mvivu," alisema. "Hakungoja maji yachemke. Bunduki yake ilikuwa inashika kutu ndani, karibu na mdomo. Nilikuwa naiona."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, lakini aliliinua komeo juani na kuligeuzageuza, na midomo yake ilikuwa imekaza kama ya mtu anayezuia tabasamu.

Mchana ule ulikwenda polepole. Tulifuta mbao kwa mafuta ya taa hadi zikaacha kutoa jasho la grisi, kisha tukazipaka mafuta ya mzee kwa viganja, na rangi ikaanza kuja, kwanza ya udongo, halafu ya chai, mwishowe ya asali ya msituni. Chini kabisa bondeni ziwa lilikuwa limelala, na ukingo wake wa waridi, wale ndege heroe wasiohesabika, ulisogea na kurudi kama kitambaa kinachopumua. Mama akasinzia akiwa ameketi, kitako cha bunduki mapajani mwake, mkono wake bado unakisugua. Niliuacha usugue. Jioni aliamka, akanisaidia kuiunganisha bunduki, nami nikamfundisha jina la ulimi.

Wiki tatu baadaye nyati walikuja. Mama aliniamsha kwa kunigusa mguu. Kulikuwa kumeanza kupambazuka na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuuona mwisho wa mtutu vizuri. Tulitembea hadi penye mahindi. Walikuwa karibu kuliko nilivyofikiri. Nilisikia wakitafuna, nikasikia mmoja akishusha pumzi ndefu. Kisha ukungu ukafunguka kidogo na nikaona kichwa, pua yenye maji, jicho tulivu, na bua moja la mahindi likining'inia mdomoni. Alinitazama. Kwa kitambo nilisahau nilichokuja kufanya. Ilionekana kama mimi ndiye niliyeingia shambani kwake.

Mama aliweka kiganja mgongoni mwangu, katikati ya mabega, kwa ajili ya lile teke. Nikauinua mtutu juu ya miti na kufyatua.

Sauti ilivuka bonde ikagonga upande wa mlima Menengai ikarudi. Ardhi ilitetemeka chini ya nyayo zetu, mabua yakalia, halafu kukawa kimya, na harufu ya baruti ikachanganyika na ile ya mahindi mabichi. Mama alilitafuta ganda la risasi kwenye nyasi akalipata, akalitia mfukoni mwa aproni.

"Twende," alisema. "Wamekwenda."

Mwaka ule tulivuna. Walirudi mara chache, kisha wakapunguka. Miaka iliyofuata msitu wa juu ulikatwa ikapandwa misonobari, na nyati wakahamia pasipojulikana. Sikuwahi kumpiga mnyama. Serikali ilipokuja kupiga marufuku uwindaji, polisi wakaanza kuwauliza wenye laisensi maswali mengi, nami nilikuwa nimehamishiwa shule ya Naivasha, basi nikairudisha bunduki kituoni. Sikuhuzunika.

Lakini Mama alikuwa ameanza kusimulia. Si mengi, na si kwa mpangilio: nani alizaa kambini, nani aliimba, jinsi walivyoficha chumvi. Siku moja akanitaka nimtafutie yule mwenzake wa sufuria. Nilimtafuta likizo mbili. Nilimpata katika mtaa wa Kaptembwo, mama mfupi anayeuza sukuma wiki mbele ya chumba chake cha mabati, na Jumapili moja nikampeleka Mama.

Walisalimiana kwa mikono, wakashikana muda mrefu. Kisha yule mama akavuta gunia wakakaa chini, na bila kuulizana walianza kufunga mboga mafungu mafungu, huku wakizungumza kwa sauti ndogo. Niliwaacha. Niliporudi saa tisa walikuwa bado hapo, mafungu yamejaa kando yao, na Mama alikuwa akicheka huku amejifunika mdomo kwa khanga. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka hivyo. Nikaketi kwenye kizingiti, nikangoja wamalize.